Miguu Yangu Baada ya Mbio za Bunda

Kama jana au juzi ulifanya mazoezi makali, na sasa mapaja yamevimba na kukaza, na mkojo wako umekuwa mweusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, usiendelee kusoma. Nenda hospitali kwanza, haya maneno yatakungoja. Ninyi wengine wenye maumivu ya kawaida ya miguu, kaeni niwasimulie. Kila wiki wasichana wanaokimbia kwenye uwanja wa shule hapa Bweri huniuliza swali lile lile: mama, tukimaliza mazoezi tufanye nini miguu ipone haraka? Tuchuliwe? Tuingie ziwani? Jibu lake nililipata kwa kulala wodini, halafu kwa kujipima mwenyewe karibu mwaka mzima, na ninalitoa bila wasiwasi.

Naitwa Nyangeta. Kwetu ni Butiama. Wakati wa mambo haya nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeolewa na Magesa, mwalimu wa shule ya msingi, tunaishi Bweri, pembeni ya mji wa Musoma, na binti yetu mmoja, Neema. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, idara ya kusokota uzi, na kusema kweli kazi ile nilipewa kwa sababu ya miguu. Siku hizo mashirika yalishindana kwa michezo. Afisa michezo wa kiwanda, tuliyemwita Mwalimu Wambura, aliniona nikikimbia kwenye sherehe moja kijijini, akaja mpaka nyumbani kuzungumza na baba. Ndivyo nilivyoingia mjini.

Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni ilikuwa na foleni yake, sukari na yake, na ukikuta watu wamejipanga nje ya duka la kaya ulijiunga kwanza ndipo ukauliza kinauzwa nini. Nilikimbia na raba za kitambaa ambazo Magesa alizishona mara nyingi kwa uzi wa kiwandani hadi kitambaa chenyewe kikapotelea kwenye mishono. Lakini nilikuwa nashinda, na kushinda kulinipa jina hata kwa watu ambao sikuwajua.

Kila mtu alikuwa na njia yake ya kutuliza miguu ya mkimbiaji. Mwalimu Wambura aliamini maji baridi. Tukimaliza mazoezi alitupeleka ziwani, mbali kidogo na mitumbwi ya wavuvi wa Mwigobero, tukasimama majini hadi kiunoni mpaka meno yagongane. Aliamini pia kwamba anayekunywa maji wakati wa kukimbia anakuwa mzito. “Maji ni ya aliyemaliza,” alikuwa akisema, na sisi tukameza mate.

Shangazi yangu Nyabuche, dada wa baba, aliishi Bunda, na yeye aliamini mikono. Alijulikana kwa kuchua. Wacheza mpira walikwenda kwake, wanawake waliotoka kujifungua walikwenda kwake, hata wabeba magunia ya pamba. Alikukanda kwanza kwa vitambaa vya maji ya moto, halafu anakuchua kwa samli, vidole vyake vikizama kama anakanda unga wa muhogo. “Uchovu unakaaga ndani ya nyama,” alisema. “Usipoutoa, unaozea humo.” Mimi niliwaamini wote wawili, na nilipata nafuu kwa wote wawili, kwa hiyo sikuwahi kujiuliza lolote.

Mwaka ule, pamba ikiwa inavunwa, nilipata malaria kali. Nililala wiki mbili. Nilipoamka zilikuwa zimebaki siku kumi kabla ya mbio za wanawake za Bunda: kutoka mjini, kuelekea njia ya Butiama, kisha kugeuka na kurudi pale pale tulipoanzia. Mwalimu Wambura alitaka nifidie siku nilizolala. Tulikimbia asubuhi na jioni, na katikati ananichuchumalisha na kuniinua, kuchuchumaa na kuinuka, hadi nahesabu kwa machozi. Magesa alinitazama nikishuka kitandani kwa kujishika ukutani, akasema, “Mama Neema, huu mwili bado una homa.” Nikamjibu kwamba mwili ni wangu.

Siku ya mbio jua lilikuwa kali na barabara ilitoa mvuke. Wanafunzi walisimama na ndoo za maji kandokando, nikazipita zote. Nilipogeuka kurudi niliacha kutokwa na jasho, nikaona hiyo ni dalili nzuri. Nikamaliza wa kwanza. Watu walinibeba, na nilipowekwa chini mapaja yalikuwa magumu kama mbao.

Jioni shangazi alinipokea kwake kwa furaha. Maji ya moto yalikuwa tayari. Aliponigusa nililia, yeye akacheka kidogo akasema maumivu yanaaga. Nilimeza vidonge vya maumivu, nikalala. Asubuhi nilikwenda chooni nikaona mkojo mweusi. Nilifikiri ni ile dawa ya malaria. Sikumwambia mtu. Shangazi akanichua tena, mara hii kwa nguvu zaidi kwa sababu misuli ilikuwa imekataa kulegea. Ilipofika mchana nilishindwa kuinuka kwenye kigoda. Nilikwenda chooni kwa kutambaa, na ndipo aliponifuata akaona mwenyewe.

Alisimama mlangoni na samli ingali mikononi. “Toka lini?”

“Toka asubuhi.”

“Na ukaniacha nikukande?”

Alinawa mikono, akatoka, akarudi na dereva wa lori la pamba lililokuwa linakwenda Musoma. Wanaume wawili walinipandisha juu ya marobota. Shangazi alipanda pia, akaniwekea kichwa changu mapajani mwake. Nakumbuka pamba ilikuwa laini. Kwa hali niliyokuwa nayo, sidhani kama gari lolote jingine lingenifaa kuliko lile.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi la nje kuanzia alasiri. Mbele yetu kulikuwa na watoto wengi wa homa. Mama mmoja ambaye ilikuwa zamu yake kuingia alinitazama usoni, akatazama mapaja yangu yalivyojaa ndani ya kanga, akamwambia nesi, “Mwingize huyu, mimi wangu amelala.” Sikumjua na sikumwona tena. Nimemwombea mara nyingi.

Daktari wa zamu alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Alipoona mkojo kwenye chupa aliuliza maswali matatu tu: nilikimbia umbali gani, nilikunywa maji kiasi gani, na niliumwa nini kabla. Alipofika kwenye maji nikamwambia sikunywa. Aliweka kalamu chini. “Misuli yako imechanika, na takataka zake zinaziba figo,” alisema. “Usichuliwe tena, usimeze tena vile vidonge. Tutakupa maji, na tutangoja.”

Sikumtazama shangazi. Nilisikia tu anavuta pumzi.

Dripu zilikuwa chache wodini. Nilipewa mbili, halafu nikaambiwa ninywe kwa mdomo. Sista Bhoke, nesi wa zamu ya mchana, alining’inizia karatasi kitandani: upande mmoja maji yanayoingia, upande mwingine yanayotoka. Magesa alileta maji ya kuchemsha kwenye dumu, akaja nayo kwa baiskeli kila alipomaliza vipindi. Nilikunywa hadi tumbo likauma. Upande wa yanayoingia ukajaa mistari. Upande wa pili haukujaa.

Siku ya tatu mkojo ulikatika kabisa. Uso ulivimba, pete ya ndoa ikabidi itolewe kwa sabuni, kipande ambacho mgonjwa wa kitanda jirani alinikatia kwenye mche wake, na sabuni wakati ule haikuwa kitu cha kumpa mtu usiyemjua. Daktari akabadili amri: sasa nisinywe zaidi ya vikombe viwili kwa siku. Magesa alikuja na dumu lake na mkungu wa ndizi mbivu, Sista Bhoke akamzuia.

“Mwalimu, maji basi. Na ndizi hapana, zitamdhuru figo zikiwa hazifanyi kazi.”

“Juzi mlisema anywe.”

“Juzi yalikuwa yanatoka.”

Alikaa pembeni ya kitanda akiwa na dumu miguuni. Lilizungumzwa suala la kunipeleka Mwanza, ambako ilisemekana kuna mashine ya kusafisha damu, au angalau watu wanaojua zaidi. Gari la wagonjwa lilikuwepo, dizeli haikuwepo. Waliahidiwa dizeli kesho. Kesho ilipofika waliahidiwa kesho nyingine. Hiyo ndiyo ilikuwa miaka yenyewe.

Nyumbani nako kukawaka. Mama mkwe alikuja kunitazama, akasimama mwisho wa kitanda, akamwambia mwanawe mbele yangu, “Niliwaambia. Mke wa mtu anakimbia barabarani na kaptula, mtoto mmoja tu, sasa hata huyo wa pili atampata wapi?” Magesa alimsindikiza nje. Lakini naye alikuwa na hasira yake, na aliimwaga kwa shangazi. Walikutana kwenye kibaraza cha wodi, dirisha likiwa wazi, nikasikia kila neno.

“Shangazi, ulimchua mtu aliyekuwa anakojoa damu.”

“Sikujua, baba.”

“Mtu anayeshika miili ya watu anatakiwa ajue.”

Shangazi hakujitetea. Hakumwambia kwamba mimi ndiye niliyeficha. Mimi pia sikusema, na hilo ndilo jambo ninaloliona aibu hadi leo kuliko mengine yote. Alirudi Bunda kesho yake. Baadaye nikapata habari kwamba amefunga kazi: wanaokwenda kuchuliwa anawarudisha mlangoni.

Siku ya sita, asubuhi, nikakojoa. Kilikuwa kikombe nusu, rangi ya chai nyepesi. Sista Bhoke alikipima, akaandika kwenye ule upande mtupu, akaenda kumwita daktari kwa kukimbia, na mwanamke wa kitanda jirani, Mama Sabina, aliyekuwa amevunjika nyonga, akaanza kupiga makofi akiwa amelala chali. Jioni kilijaa chombo kizima. Siku mbili baadaye nilikuwa nakojoa usiku na mchana kama mtu aliyefunguliwa bomba, na wodi nzima ilikuwa inafuatilia hesabu yangu. Nimewahi kushangiliwa nikivuka kamba ya mwisho, lakini furaha ya wanawake wale sijaipata uwanja wowote.

Niliruhusiwa baada ya wiki tatu. Nilipovua kanga nyumbani nikaona mapaja ya mtu mwingine. Uvimbe ulipokwisha nyama nayo ilikuwa imekwenda nao, ngozi imelegea juu ya goti. Nilishindwa kupanda ngazi mbili za mlango wetu. Binti yetu Neema, miaka minne, alinishika kidole akasema, “Pandisha huu kwanza, mama,” vile vile nilivyomfundisha yeye.

Mvua za vuli zilinikuta Butiama kwa mama yangu, maana Bweri hapakuwa na mtu wa kunisaidia mchana. Nilikunywa maziwa, nilikula uji wa ulezi, nililala. Kwanza nilitembea hadi zizini, halafu hadi kwenye mawe makubwa nyuma ya nyumba, halafu hadi barabarani. Daktari aliniambia kanuni moja: ukiamka na maumivu zaidi ya jana, siku hiyo pumzika. Hakuwa na dawa nyingine, na mimi sikuhitaji nyingine.

Mwanzoni mwa mwaka nilirudi Bweri. Kiwandani walinipa kazi ya kukaa, kukagua nyuzi. Jioni nilitembea, na masika yalipoanza nikawa nakimbia kidogo, nguzo moja ya umeme nakimbia, mbili natembea. Miguu iliuma siku iliyofuata, maumivu ya kawaida, na kila mtu tena akawa na ushauri wake. Mwalimu Wambura alinitaka nirudi ziwani. Majirani walileta dawa za kupaka. Magesa, ambaye ni mwalimu hadi usingizini, akanipa daftari. “Usimwamini mtu yeyote,” alisema. “Andika. Umekimbia kiasi gani, baadaye umefanya nini, na kesho yake miguu ikoje.”

Nikaandika. Wiki moja niliingia ziwani kila nikimaliza, wiki iliyofuata sikuingia. Wiki moja nilipaka dawa, nyingine sikupaka. Nilipima kwa kuchuchumaa asubuhi mbele ya jiko: nikichuchumaa na kuinuka bila kushika kitu, nimepona. Maji ya ziwa yalinipa raha ya saa moja, mbili hivi, na asubuhi sikuona tofauti. Dawa ya kupaka ilichoma ngozi tu. Siku niliyolala vizuri na kula vizuri, asubuhi ilikuwa nyepesi. Siku niliyosimama kwenye foleni ya sukari baada ya kukimbia, ilikuwa mbaya hata ningefanya nini.

Ikabaki mikono. Nilijua ni ya nani.

Nilikwenda Bunda Jumapili moja baada ya ibada, nikiwa nimekimbia jana yake. Shangazi alikuwa anapepeta mtama uani. Alinyanyuka akanikumbatia, akaniangalia miguu, akaangalia pembeni. Nilimpa shikamoo, tukakaa, tukaongea habari za mvua.

“Shangazi,” nikasema, “nimekuja unichue.”

“Nimeacha hiyo kazi.”

“Nimesikia. Sikukwambia mkojo umebadilika. Ulinichua mara ya pili kwa sababu mimi nilinyamaza. Na Magesa alipokusema pale kibarazani nilisikia yote, nikanyamaza tena. Nimeshamwambia. Anakuja mwenyewe wiki ijayo kukuomba radhi.”

Aliendelea kupepeta. Alipepeta hadi ungo ukabaki na punje safi tupu. Kisha akasema, “Mkojo wako wa leo?”

“Mweupe.”

“Homa?”

“Sina.”

“Nitakuchua taratibu. Ukisema basi, ni basi.”

“Mguu wa kulia tu,” nikasema. “Wa kushoto uache. Nataka kujua.”

Aliniangalia kana kwamba malaria imerudi. Nikamwonyesha daftari. Hajui kusoma sana, lakini nilimsomea, na aliposikia habari ya dawa za kupaka alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Akaweka maji motoni. Alichua mguu mmoja kwa utulivu ambao sikuwahi kuujua kwake, vidole vikiuliza kabla ya kubonyeza, na kila baada ya muda ananitazama uso.

Jioni ile mguu wa kulia ulikuwa mwepesi kabisa, wa kushoto unalalamika. Asubuhi ya kwanza wa kulia ulikuwa bado mbele kidogo. Siku ya tatu miguu yote miwili ilikuwa sawasawa. Tulirudia mara nne mwezi ule, na mara zote jibu lilikuwa hilo hilo. Nilimwambia ukweli: mikono yake inatuliza, haiponyeshi haraka. Alifikiri akasema, “Kutuliza mtu nayo ni kazi.” Akaanza tena kupokea watu, na sasa anawauliza maswali kwanza.

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu kwa wasichana wa uwanjani. Kunyweni maji kabla, katikati na baada. Kuleni, laleni. Baada ya siku ngumu iwe siku nyepesi. Ukitoka kuumwa, anza kama mtu asiyewahi kukimbia, na afisa michezo akikasirika mwache akasirike. Ziwa ni zuri, kuchuliwa ni kuzuri, fanyeni kama mnapenda, lakini msidhani ndivyo vinavyowaponya. Na mwili ukionyesha kitu ambacho hujawahi kukiona, sema siku hiyo hiyo, kwa sauti.

Miaka ya ruksa ilipokuja, biashara ikafunguliwa, bidhaa zikarudi madukani na raba za mitumba zikajaa sokoni, nikanunua jozi ya kwanza ya raba za kukimbilia maishani mwangu. Kiwanda chenyewe kilikuwa kinapunguza watu, na nami nilipunguzwa. Kabla ya hapo tulishindana mara moja ya mwisho. Nilisimama kwenye kila ndoo ya maji nikanywa, wengine wakinipita. Nilimaliza wa nne. Nilikuwa na mimba ya miezi miwili na sikujua, na mtoto huyo, wa kiume, alizaliwa salama.

Asubuhi iliyofuata mbio zile niliamka mapema kwenda kupalilia mihogo na mama mkwe. Tulianza mistari miwili jirani. Miguu iliuma, maumivu yale mazuri ya mtu aliyefanya kazi. Jua lilipopanda nilikuwa nimemtangulia mbali, nikasikia jembe lake limesimama. Nikageuka. Alikuwa ameegemea mpini ananitazama mapaja, bila kujificha.

“Nyangeta,” akasema, “rudi hapa unisaidie na huu mstari wangu.”

Nikarudi.